Kila Kitu Huanzia Mlangoni

Asubuhi ile Korongo, winchi ya jengo, aliinua shingo yake ya chuma, akashika chumba cha ghorofa ya kwanza kwa mkono mmoja na cha ghorofa ya pili kwa mkono mwingine, akavikodolea jicho lake jekundu, akaviacha palepale. Akapanda, akashika cha pili na cha tatu. Hapo akaona kasoro. Alivivuta vyote viwili nje, mabomba ya maji yakanyooka kama kamba za kuanikia nguo, akavipishanisha hewani na kuvirudisha, kila kimoja mahali pa mwenzake. Ndani ya kimojawapo mwanamke alikuwa akikaanga vitumbua. Hakuhangaika hata kushika kikaango.

Watu wa Jedwali walikuwa wamezoea. Mwaka ule wa kwanza walipiga mayowe na kutapikia ndooni, na mlokole mmoja wa ghorofa ya tisa alitangaza kwamba unyakuo umefika. Sasa walilalamika tu kwamba Korongo anawamwagia chai.

Tusekile aliwatazama kupitia vioo vya chumba cha mitambo, chini kabisa ya jengo, kando ya tangi kubwa la maji. Vyeti vyake vilimwita mhandisi wa mpangilio. Wakazi walimwita Fundi. Aliishi hapohapo nyuma ya mitambo, katika chumba cha fundi, ambacho hakikuhesabiwa kuwa sehemu ya Jedwali na hakikushikwa na Korongo hata siku moja. Kilikuwa na vitanda viwili, kimoja cha kulalia na kimoja cha kuwekea nyaya na vipuri, na kilikuwa na ubaridi wa kumfanya mtu ajifunike shuka mwezi wa Novemba. Novemba ya Bahi, tena baada ya mbuga zote kukauka!

Jedwali lenyewe lilikuwa ukuta wa vyumba, ghorofa ishirini kwenda juu na vyumba thelathini kwenda pembeni, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kitupu. Ubaridi ulitoka chini, kwenye mabomba ya maji. Ulipofika katikati ulikuwa umeshachoka, na juu kabisa yalibaki mabati na jua. Kwa hiyo kila mwaka, kabla joto kuu halijaingia, wakazi walipimwa, na kila chumba kikapewa namba ya yule aliye dhaifu kuliko wote waliomo. Kisha Korongo akapewa kazi ya kupanga: namba ndogo chini, namba kubwa juu. Wazee, wagonjwa na wenye vichanga wakae karibu na maji. Wenye damu ya moto wakakae karibu na jua. Hata mbishi wa kuzaliwa asingeweza kusema huo si uungwana.

Tabu ilikuwa nafasi. Mtu anayepanga vyombo kabatini huvitoa vyote, akavitandaza sakafuni, akaanza upya kwa raha zake. Jedwali halikuwa na sakafu ya kutandazia. Watu walikuwa ndani, wakipika na kugombana na kunyonyesha, na nje kulikuwa na uwanja mtupu ambao jua lake lingemuua kuku. Ilibidi kupanga palepale, kwa kubadilishana: unachukua vyumba viwili vinavyopakana, unavilinganisha, na kama vimekaa vibaya unavipishanisha. Halafu viwili vingine. Halafu vingine, mpaka siku Korongo apite kote asione cha kubadilisha. Mlalo ulikuwa umekwisha salama, kila ghorofa kutoka magharibi kwenye jua la alasiri hadi mashariki kwenye kivuli. Sasa ilikuwa zamu ya wima, na wima ndiko kulikokuwa na uhai na kifo.

Upangaji wa namna hii una tabia moja ambayo Tusekile aliijua tangu chuoni, ambako walimu wake waliiita habari ya sungura na kobe. Ukianzia chini kwenda juu, namba kubwa iliyoko chini hupanda kama sungura. Korongo akishaishika haiachii. Anaibadilisha na iliyo juu yake, na iliyo juu ya hiyo, mpaka inafika kileleni kwa mzunguko mmoja. Lakini namba ndogo iliyoko juu ni kobe. Hushuka ghorofa moja tu, Korongo akaipita na kwenda zake, nayo ikabaki kusubiri mzunguko wa kesho, maana mzunguko mmoja ulikula mchana mzima. Ukianzia juu kwenda chini mambo hugeuka: kobe anateremka siku hiyohiyo, na sungura ndio wanaosubiri.

Katika Jedwali kila kitu kilianzia mlangoni, yaani chini. Maji yaligawiwa kuanzia mlangoni, michango ya misiba ilikusanywa kuanzia mlangoni, hata sahani za pilau siku ya harusi zilipanda ngazi kutoka mlangoni, na wa juu wakala ukoko bila kununa. Ilipofika siku ya kuamua Korongo aanzie wapi, Tusekile aliwajibu walichotaka kusikia. Vipimo vilionyesha hakuna kobe mwaka huo, na yeye hakupenda ugomvi. Kisha, wima ukiwa umeshaanza, figo za Ndahani zikagoma.

*

Ndahani alikuwa mfuta paneli. Kazi yake ilikuwa kupanda paa la Jedwali kila alfajiri na kufuta vumbi kwenye paneli za jua, na kwa miaka yote yeye na mkewe Nyemo walikuwa wamekaa ghorofa ya ishirini kwa haki kabisa, kwa sababu hapakuwa na watu wagumu kama wao katika wima ule. Namba ya Nyemo ilikuwa tisini na sita. Ya Ndahani ilikuwa chini yake kidogo, jambo ambalo mkewe hakumwacha alisahau. Wiki moja ya homa ikaiangusha mpaka tisa.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mkweli. Dawa zipo, alisema, lakini mwili wake hauwezi tena kujipoza. Mpelekeni penye ubaridi. Vitanda vya zahanati vilikuwa vimejaa watu wenye namba mbili na tatu.

Tusekile alipanda kumwona jioni Korongo alipokwisha kulala. Alipofika alikuwa akihema.

"Hodi hapa."

"Karibu, Fundi. Karibu kwa kobe," alijibu Ndahani. Alikuwa ameegemea ukuta, kifua wazi, kitenge kibichi mabegani. Miguu ilikuwa imemvimba. "Haya, tupe habari. Leo nimeshuka?"

"Umeshuka moja."

"Moja! Mimi niliyekuwa nazipanda ngazi hizi na ndoo mkononi, nikifika juu napiga mluzi? Leo nateremshwa polepole kama bibi harusi anayetolewa ndani."

"Bibi harusi hana ndevu," alisema Nyemo. Alikuwa akimpepea kwa kipepeo cha ukili, na hata alipocheka mkono wake haukusimama.

Wakacheka wote watatu. Tusekile aliketi kwenye kigoda alichosogezewa, akawaeleza kwa mara nyingine jinsi kanuni ilivyo. Siku za kupanga, kila mtu kwake. Jicho la Korongo husoma mapigo ya waliomo chumbani wakati uleule wa kulinganisha. Mwaka wa kwanza watu walishinda kwa majirani, namba zikawa zinacheza, na Jedwali likazunguka wiki nzima bila kutulia. Basi Ndahani asije akatoka mchana. Akitoka, chumba kitasomeka tisini na sita ya Nyemo peke yake, Korongo atakiacha juu, na zamu ya siku hiyo itakuwa imepotea.

"Siendi popote," alisema Ndahani. "Niende wapi na miguu hii ya tembo?"

Nyemo alibadilisha mkono wa kupepea. "Na huko kwako kukoje, dada?"

"Kwangu? Ubaridi upo. Ila pampu zinanguruma kutwa kucha."

"Mtu huzoea kelele."

"Huzoea, kweli."

Ndahani aliangalia ukutani. Nyemo aliendelea kupepea, macho yake yakiwa kwa Tusekile, yakisubiri. Tusekile alidhani wamechoka na wanamwonea haya kumwambia aondoke. Akaaga.

Watu wa kule hawajialiki. Kumwambia mwenye nyumba "nataka kulala kwako" ni kumshika koo. Hata akikubali, hujui kama amekubali kwa moyo. Unasifu nyumba yake, unanyamaza, na mwenyewe anamalizia. Tusekile alilelewa hivyohivyo, wala hakuwa mgeni wa desturi hiyo. Shangazi yake aliwahi kumfinya paja kwa kuomba chai ugenini. Lakini jioni ile kichwa chake kilijaa mizunguko na ghorofa, naye alishuka ngazi akitafuta njia ya kumfikisha Ndahani chini, hali alikuwa akielekea chini huko huko, peke yake, kwenye chumba chenye vitanda viwili.

*

Kesho yake, kabla Korongo hajaamka, alikwenda kwa Mama Mtalo, mwenyekiti wa Jedwali. Alimkuta sakafuni akichambua mlenda, miwani ikiwa imemshukia puani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Si hapo, pana maji."

Tusekile alikaa. Alikuwa amepanga maneno mazuri ngazini, yote yakamkimbia. "Nataka leo Korongo aanzie juu," alisema. "Mzunguko mmoja tu. Kesho tunarudi mlangoni kama kawaida."

Mama Mtalo hakuinua kichwa. "Kwa ajili ya Ndahani."

"Ndiyo. Akianzia juu, jioni Ndahani yuko kwenye ubaridi. Akiendelea hivi, joto litamkuta katikati. Utabiri unasema mwisho wa wiki."

"Na wengine?"

"Hawaharibikiwi kitu. Wenye kupanda watapanda taratibu, basi."

Mama Mtalo alitenga vijiti upande mmoja, majani upande mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Ni vizuri kulisema hilo, kwa sababu baadaye wapo waliomsema vibaya, na Tusekile hakuwahi kuwa mmoja wao.

"Wewe hukuwepo mwaka wa maji," alisema. "Tangi lilikuwa juu ya paa wakati ule, na wakubwa walikaa juu, kwenye upepo. Maji yalianzia kwao. Walikuwa na sababu nzuri, usidhani hawakuwa nazo. Walituambia maji hushuka yenyewe, kuyapandisha ni gharama. Wakaoga, wakamwagilia maua ya vibarazani. Yaliyotufikia sisi mlangoni yalikuwa matope ya kutu. Dada yangu Foibe aliyanywa. Tulimzika pamoja na wengine ambao hata majina yao siku hizi hayatajwi."

"Pole, Mama."

"Tulipowashusha wale, tuliapa pale mlangoni. Mwislamu kwa msahafu, Mkristo kwa Biblia, na wasio na kitabu walishika udongo. Kwamba kitu chochote cha jengo hili kitaanzia mlangoni. Sasa wewe leo una sababu nzuri. Nakubali ni nzuri. Kesho atakuja mwenye sababu nzuri kuliko yako. Keshokutwa atakuja mwenye sababu mbaya, nikimkatalia ataniuliza mbona jana."

"Lakini haya si maji, Mama. Huyu ni mtu."

"Na Foibe alikuwa nini?"

Nje, akina mama wa ghorofa ya kwanza walikuwa wakianza kuimba kwa sauti ya chini, kama walivyofanya kila siku ya kupanga.

"Anashuka kila siku, au hashuki?" aliuliza Mama Mtalo, na sasa sauti yake ilikuwa laini.

"Anashuka."

"Basi. Zamu yake itafika. Subira yavuta heri, mwanangu."

Katika chumba cha mitambo kulikuwa na swichi ndogo yenye maneno mawili, JUU na CHINI. Kidole kimoja kingetosha. Watu wangeona, ndiyo, wangepiga kelele mpaka magharibi, na pengine wangemfukuza kazi. Tusekile aliitazama swichi ile muda mrefu. Kisha akamwamsha Korongo kutoka chini, kama jana.

Na ukweli, ambao hakumwambia mtu kwa miaka mingi, ni kwamba alipotoka kwa Mama Mtalo alihisi nafuu. Alikuwa ameomba, amekataliwa, na aliyemkatalia alikuwa na hoja. Mzigo ulikuwa umepata mtu mwingine wa kuubeba. Ikiwa majuto ni mjukuu, mjukuu huyu mimba yake ilitungwa pale.

*

Joto halikungoja mwisho wa wiki. Lilifika siku mbili kabla, asubuhi, bila upepo, na ilipokaribia adhuhuri ndege walikuwa wakidondoka kutoka kwenye nyaya za uwanjani. Kengele ya tahadhari ililia. Watu walifunga mapazia, wakalowesha mashuka, wakakaa kila mmoja kwake.

Tusekile aliketi mbele ya kioo cha kompyuta yake, na ubaridi wa tangi mgongoni. Wima wa Ndahani ulionekana kama ngazi ya namba. Alikuwa ameshuka vya kutosha kuonekana kwenye ghorofa za katikati. Zilibaki chache tu afike panapovumilika. Tusekile alikuwa akihesabu kwa midomo, bila sauti, kila Korongo alipopanda ngazi moja. Nne na kumi na moja, sawa. Kumi na moja na ishirini na tano, sawa. Na hivyohivyo mpaka Korongo akashika chumba kilichokuwa chini ya Ndahani, chenye sabini na moja, na mkono wa pili ukashika cha Ndahani.

Jicho likasoma. Kwenye kioo, tisa ikapepesa, ikawa tisini na sita.

Tusekile aligonga kioo kwa ukucha. Alidhani jicho limeingia vumbi. Tisini na sita ilibaki palepale. Ndipo hasira ikampanda, na hasira hii ndiyo iliyomtesa baadaye kuliko kitu kingine chochote. *Ametoka*, aliwaza. *Nimemwambia asitoke, naye ametoka mchana kweupe, amepoteza zamu.* Alikasirika kabisa, kama mwalimu aliyekuta daftari chafu.

Korongo hakukasirika. Alilinganisha sabini na moja na tisini na sita, akaona zimekaa sawa, akaachia ya chini, akabaki na ile kubwa. Akailinganisha na iliyo juu yake. Tisini na sita ilikuwa kubwa zaidi. Akavivuta vyumba vyote viwili nje, akavipishanisha, akavirudisha. Tisini na sita ilikuwa imepanda. Akashika tena, akalinganisha tena, akavivuta.

Hapo Tusekile alisikia sauti. Haikutoka kwenye kipaza sauti. Ilitoka nje, juu hewani, ndani ya chumba kilichokuwa kikining'inia kati ya jua na jengo. Ilikuwa sauti ya mwanamke akiita jina moja.

Alibonyeza kitufe cha kusimamisha kwa kiganja kizima. Korongo alisimama na chumba mkononi. Lakini mashine ile haikufundishwa kurudi nyuma. Ilifundishwa kumaliza ilichoanza au kubaki ilipo, na kubaki ilipo maana yake ni kumwacha Nyemo juani na mumewe mapajani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifundisha. Hakuwa na la kufanya ila kuiruhusu imalize. Korongo akakisukuma chumba ndani, taratibu na kwa ustadi, ghorofa mbili juu ya pale alipofia Ndahani.

Siku nyingi za kumshusha moja moja, na alipokufa alipandishwa mbili kwa pumzi moja. Sungura sasa alikuwa Nyemo.

*

Walimzika jioni ileile, kwa sababu ya joto. Wanaume walichimba kwa kupokezana, kila mmoja akichimba kidogo na kwenda kulala kivulini. Mama Mtalo alitupa udongo wake wa kwanza, akabaki amesimama na kiganja wazi, kama mtu aliyesahau anakwenda wapi.

Asubuhi alikuja mwenyewe kwenye chumba cha mitambo. Hakuwa amewahi kufika pale. Alitazama vioo, akatazama tangi, akajifunika vizuri khanga yake mabegani.

"Wamebaki wangapi huko juu?" aliuliza. "Wadhaifu."

"Watatu, Mama. Joto la jana limewaangusha namba. Mmoja ni mzazi mwenye kichanga."

"Wako wima mmoja?"

"Kila mmoja na wake."

Midomo ya Mama Mtalo ilitembea. Pengine alikuwa akisali, pengine akiongea na Foibe. "Anzia juu," alisema mwishowe. "Watu nitawaeleza mimi."

Tusekile alifikisha kidole kwenye swichi. Ilikuwa nyepesi. Alikuwa ametarajia iwe na ugumu fulani, lakini ilikwenda JUU kwa mlio mdogo tu, kama swichi ya taa ya chooni.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walitoa vichwa madirishani na kutazama Korongo akinyoosha shingo hadi paani na kuanza kushuka. Alimshika mzazi na kichanga chake ghorofa ya kumi na nane, akawabadilisha na wa chini yao, na wa chini yao tena, na hakuwaachia mpaka walipofika penye ubaridi. Kisha akawafuata wale wawili. Kila kimoja kati ya vyumba vile vitatu kilipotua, vigelegele vilipigwa kutoka mlangoni hadi juu, halafu vikakatika ghafla, watu walipokumbuka. Alasiri haijaisha, wote watatu walikuwa wamelala karibu na maji.

Siku moja. Tusekile alilijua hilo tangu chuoni, lakini kulijua na kulitazama likitendeka ni vitu viwili. Alizima mitambo. Akaingia chumbani kwake, akaondoa nyaya kwenye kitanda cha pili, akaondoa vipuri, akapangusa mafuta, akatandika shuka safi na kuweka mto. Kazi yote hiyo haikumchukua muda hata wa kuchemsha maji. Alikaa ukingoni mwa kitanda kile akalia, kilio kibaya cha kujiziba mdomo, mpaka pampu zikamwaibisha kwa jinsi zilivyoendelea na kazi zao.

Kisha akapanda ngazi.

Nyemo alikuwa peke yake. Akina mama waliokesha naye walikuwa wamerudi vyumbani kwao, kwa kuwa ilikuwa siku ya kupanga na kanuni ilikuwa kanuni. Alikuwa ameketi mkekani, kitenge kichwani, na dirisha lilikuwa wazi kwa jua kali la alasiri. Halikumtoa hata jasho.

"Hodi."

"Karibu, dada Tuse."

Tusekile alibaki mlangoni. "Nimekuja kukuchukua. Njoo ukae kwangu. Kuna kitanda. Nimekitandika."

"Mimi namba yangu ni tisini na sita," alisema Nyemo. "Joto halinisumbui."

"Si kwa sababu ya joto."

Nyemo alimtazama. Hayakuwa macho ya kulaumu. Yalikuwa macho ya mtu anayetaka kujua kitu kimoja, akishakijua apumzike.

"Hicho kitanda kilikuwepo?"

Tusekile angeweza kudanganya. Angeweza kusema kimeletwa leo, au ameazima mahali. Kwa nini asidanganye? Ingemsaidia nani ukweli sasa? Lakini alikwisha kuficha vya kutosha nyuma ya kanuni, na nyuma ya kiapo cha watu wengine.

"Kilikuwepo," alisema. "Kilikuwepo siku zote. Niliweka nyaya juu yake. Na chumba changu hakimo kwenye Jedwali, Nyemo. Angeweza kukaa pale mpaka joto liishe, na zamu isingekuwa na maana yoyote. Sikufikiri. Naapa kwa Mungu, nilifikiri vingine vyote, hicho sikukifikiri."

Nyemo aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi, kama mtu anayesikiliza habari ndefu na kuifuatilia hadi mwisho wake. Chini uwanjani mtu alikuwa akimwita mwanawe aingie ndani.

"Jana tungekuja," alisema.

Kisha akasogea kwenye mkeka, kumwachia mgeni nafasi ya kukaa.